Kimo cha Mtu: juu ya neno "Mbilikimo" na majina mengine tunayowapa watu wa pori

Neno moja lililosemwa kanisani ndilo lililotutia kalamu mkononi. Ilikuwa katika kanisa dogo juu ya vilima vya Sake, pale njia ya kwenda Masisi inapoanza kupanda, siku ile iliposomwa Injili ya Zakeo. Padri hakuwapo, mwalimu wa dini aliongoza sala ya Dominika kama kawaida. Ni mtu mwema, amefundisha miaka mingi, na wengi wetu tungefurahi kuijua Injili kama anavyoijua yeye. Alipofika mahali pa kueleza kwa nini Zakeo alipanda mti, alitafuta mfano ambao wasikilizaji wataushika mara moja, akasema: "Zakeo alikuwa mfupi kabisa, mfupi kama Mbilikimo." Watu wakacheka. Mama mmoja mkatekumeni, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na mlango pamoja na watoto wake wawili, akaondoka polepole bila kusema kitu. Dominika iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Tulipomwendea na kumwuliza sababu, hakutuonyesha hasira. Alikuwa akifunga makala katika mifuko, makala ya mtu mwingine, kwa maana yeye hulipwa kwa kubeba tu. Alijibu: "Padri, nilikuja kusikia habari ya Yezu, nikasikia habari yangu."

Tumelifikiri jibu hilo siku nyingi. Wako watakaosema kwamba ni jambo dogo, kwamba mwalimu hakukusudia ubaya, kwamba watu wa kule wamezoea. Hakukusudia, ni kweli. Lakini mambo tunayoyasema bila kukusudia ndiyo yanayoonyesha tulivyofundishwa, nasi tuliofundishwa Kilatini na teolojia hatuna udhuru zaidi ya mwalimu yule. Basi tulichunguze neno lenyewe.

"Mbilikimo" halikuzaliwa kwetu. Lilitoka pwani pamoja na Kiswahili, na hapa Kivu tumelipata zaidi katika vitabu kuliko katika vinywa vya wazee. Johann Ludwig Krapf, katika kamusi yake iliyochapwa London mwaka 1882, analo neno hili, na analigawanya kama watu wa pwani walivyoligawanya: mbili, na kimo. Mtu wa vipimo viwili. Kama asili yake ni hiyo kweli au ni maelezo yaliyotungwa baadaye, sikio la Mswahili halijali: husikia "kimo" ndani yake, na linaposemwa mbele ya Zakeo aliyekuwa mfupi wa kimo, kicheko kinakuwa tayari.

Wale wanaodharau Kiswahili na kudhani kwamba Kifaransa kina adabu zaidi, watazame neno "pygmée". Ni la Kigiriki. Pygme ni ngumi, tena ni kipimo: kutoka kiwiko cha mkono mpaka vifundo vya vidole vilivyokunjwa. Homeri aliwataja watu wa kipimo hicho katika Iliadi, wakipigana na korongo. Wala tusifikiri kwamba Maandiko Matakatifu yamebaki mbali na jambo hilo. Wafratri wenye Vulgata ya zamani wafungue Ezekieli, sura ya 27, aya ya 11, mahali nabii anapoeleza kuta na minara ya mji wa Tiro. Watawakuta Pygmaei juu ya minara, mapodo yao yakitundikwa kuzunguka mji. Wamefikaje huko? Kiebrania kina neno gammadim, ambalo maana yake haijulikani vema. Mtakatifu Yeronimo, akifuata waliotafsiri kabla yake, alilifananisha na gomed, ambalo ni kipimo kifupi; ndicho kipimo cha upanga wa Ehudi katika kitabu cha Waamuzi, 3,16. Tafsiri nyingi za leo zimewaondoa wafupi hao, zikasema tu watu wa Gamadi.

Tunapenda wasomaji waone jambo hili vizuri, maana tulipoliona sisi wenyewe tulishangaa. Mgiriki, mfasiri wa Kilatini, mtu wa pwani: watatu hawa walikaa mbali sana kwa nchi na kwa nyakati, na kila mmoja alipotaka kumtaja mtu asiyemjua alitwaa kipimo, kama fundi nguo. Hawakuuliza jina lake wala jina la mlima wake wala la baba yake. Mtu ambaye jina lake ni urefu wake ametajwa na aliyesimama mbali.

Na kutoka kipimo cha mwili, wenye elimu walivuka wakapima na roho. Mtakatifu Alberto Mkuu, ambaye tunamheshimu kama mwalimu wa Mtakatifu Tomasi, aliandika katika kitabu chake juu ya wanyama kwamba pygmaeus si mtu kamili. Alimweka katikati ya mtu na nyani. Hakumwona hata mmoja. Mwaka 1699 daktari Mwingereza Edward Tyson alitoa kitabu juu ya mwili wa "Pygmie" aliyempasua. Alikuwa sokwe mtu. Tena kuna ambalo liko karibu zaidi na sisi: mwaka 1906 huko New York, katika bustani ya wanyama ya Bronx, kijana Ota Benga, aliyetoka Kongo yetu, aliwekwa katika nyumba ya nyani ili watu wamtazame. Wachungaji Weusi wa mji ule ndio waliolia mpaka akatolewa. Alijiua mwaka 1916.

Sasa mtu asituambie kwamba Wakristu wa zamani hawakuweza kujua. Miaka zaidi ya 800 kabla ya Alberto, Mtakatifu Augustino katika Mji wa Mungu, kitabu cha 16, sura ya 8, alikutana na swali lile lile. Alikuwa amesikia habari za watu wa ajabu, na miongoni mwao hao wenye urefu wa dhiraa moja. Naye Augustino alikuwa mwangalifu: hakuapa kwamba habari zote ni za kweli. Lakini alisema kwamba yeyote aliyezaliwa mtu, maana yake kiumbe chenye akili na chenye kufa, hata umbo lake, rangi yake au sauti yake vikiwa vigeni kwetu namna gani, ametoka kwa yule mtu mmoja wa kwanza. Askofu wa Hippo, Mwafrika, alikuwa amekwisha kufunga mlango ambao Alberto aliufungua tena. Tunawapenda wote wawili, lakini katika jambo hili tunakaa na Augustino.

Tuje nyumbani. Katika Masisi na Walikale hatusemi sana Mbilikimo. Tunasema Batwa, au Bambuti. Mutwa ni neno la kale sana katika lugha zetu za Kibantu, nalo limetembea mbali: utalikuta Rwanda na Burundi, Kasai na Ekwateri, hata kusini ya Afrika, ambako lilitumika kwa wawindaji wa jangwani wasio na undugu na watu wa pori letu. Kwa hiyo hapo zamani halikuwa jina la kabila moja. Wakulima waliitwaa nchi, na wawindaji waliowakuta humo wakawaita hivyo. Mbuti linasikika zaidi Ituri, Beni na Lubero, na hapa kwetu majina yote mawili yanachanganyika. Tumewauliza wazee wao wenyewe katika vijiji kadhaa. Wengine walijibu, "Sisi ni Bambuti," wengine, "Sisi ni Batwa," na mzee mmoja akacheka akasema kwamba inategemea nani anauliza na ameshika nini mkononi. Hatukuona kwamba majina haya mawili ni matusi yenyewe kwa yenyewe. Mutwa husemwa kama Muhunde, kama Munyanga, kama Mutembo, na anayelisema hivyo hakosi.

Ubaya huingia kwa herufi mbili. Kila msomaji wa upande wetu anajua ka- na tu- ya Kiswahili chetu: katoto, kanyumba, tumiti. Ni lugha tamu nyumbani, mama hubembeleza nayo. Basi sikilizeni sokoni Sake siku ya soko: "Kambuti kamoja kalileta asali." "Tutwa tunapita na makala." Wanaosema hivyo hawasemi kamwe kahunde wala kanyanga juu ya mtu mzima mwenye mvi. Mwenye kutaka kujua dhamiri ya Wakristu wetu asiulize tunawaita nani. Asikilize tunawaweka katika ngeli gani. Sarufi haina haya, husema mambo ambayo mdomo ungeogopa kuungama.

Lingine ni kubwa zaidi, nalo limeingia kwa mlango wa heshima. Siku hizi katika mikutano na katika karatasi za misaada wanasema "Bantous na Pygmées", na walimu wetu wanatafsiri: Bantu na Mbilikimo. Neno Bantu alilitia katika vitabu mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek, mwaka 1862, apate kutaja lugha zilizofanana. Lakini bantu, katika vinywa vyetu, ni watu! Tunaposema "Bantu na Mbilikimo" tumesema watu upande mmoja, na kitu kingine upande wa pili. Tena si kweli hata kwa sayansi, maana Batwa wa Masisi na Walikale husema Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kiswahili kama sisi. Tumesikia kwa masikio yetu mtu akieleza ajali ya barabarani: "Walikufa watu wawili, na Mutwa mmoja." Alihesabu vibaya, na hakujua kwamba amehesabu vibaya.

Na "watu wa pori"? Wengine wanalichagua wakidhani ni la upole. Litazameni pamoja na jirani zake: nyama ya pori, nguruwe wa pori, mbwa wa pori. Waliosoma Kilatini wakumbuke kwamba silvaticus, mtu au kitu cha msitu, ndilo lililozaa "sauvage" la Wafaransa. Na paganus, mtu wa kijijini tu, akaja kuwa mpagani. Maneno haya huanza safari yakitaja mahali, yanamaliza yakihukumu tabia. Ndivyo lilivyokuwa mshenzi, ambalo pwani lilitaja watu wa bara, likapanda mpaka Kongo. Wakoloni waliwaita wazee wetu basenji, kisha wazee wetu waliopata shule wakawaita hivyo wale ambao hawakuipata. (Wazungu waliochukua mbwa wetu wa kuwinda kwenda Ulaya, wale wasiobweka, wakawapa jina Basenji, na mpaka leo wanashindanishwa kwa uzuri katika maonyesho ya huko. Mbwa amepandishwa cheo. Mwenye mbwa bado.)

Tusiache kusema neno juu ya wale waliowasifu watu hao, maana sifa nayo ina kosa lake. Padri Wilhelm Schmidt, wa Shirika la Neno la Mungu, mwaka 1910 alitoa kitabu juu ya Mbilikimo, kisha akaandika mabuku 12 juu ya asili ya wazo la Mungu. Alitaka kuonyesha kwamba binadamu wa kwanza kabisa walimjua Mungu mmoja, na aliwatwaa watu wa misitu kama mashahidi wa zamani zile. Mwenzake, Padri Paul Schebesta, alikuja Ituri mara kadhaa, ya kwanza 1929, akakaa nao kambini, na habari zake zina uzito ambao za Schmidt hazina. Lakini hata katika nia njema kama hiyo, Mbuti anaitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya watu wengine, kesi ya wataalamu wa Ulaya. Colin Turnbull, Mwingereza, katika The Forest People, mwaka 1961, alifanya kinyume cha Alberto: kwake pori ni paradiso, na wakulima wa kijijini ndio wenye hofu na uchawi. Kitabu kinasomeka kwa furaha, tunakiri. Tumekisoma usiku mmoja. Hata hivyo Mbuti wa Turnbull ni vigumu kumwona akikosea, na asiyeweza kukosea hahitaji kitubio wala hawezi kuwa jirani.

Kwa nchi yetu tunakipenda zaidi kitabu cha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, The Mwindo Epic, cha mwaka 1969, juu ya shujaa Mwindo wa Banyanga wa Walikale, kama alivyosimuliwa na mzee Rureke mwaka 1956. Katika maelezo yake Biebuyck anaandika kwamba Batwa walikuwa wawindaji wa mwami na waimbaji wake, na kwamba walimtolea mmoja wa wake zake wa desturi. Yaani ufalme wa Banyanga haukutimia bila wao. Hatusemi kwamba zamani zile zilikuwa njema: aliyempa mwami mke aliweza bado kukatazwa kunywa katika chombo kimoja na watu wa mwami. Lakini cheo walikuwa nacho, nacho kilitokana na pori. Pori lilipofungwa, cheo kikaenda. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilifanywa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 mpaka ndani ya Walikale. Batwa waliotolewa humo hawakupewa nchi nyingine, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Mwindaji asiye na pori anabeba makala ya wengine. Hapo ndipo ka- ilipopata nguvu yake.

Serikali nazo zimejaribu kusahihisha jina. Kongo-Brazzaville, kwa sheria ya tarehe 25 Februari 2011, ilikataza kabisa neno "pygmée" na kulihesabu kuwa tusi. Kongo yetu, kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2022, imewapa ulinzi "watu wa asili pygmées", na hivyo neno ambalo ng'ambo ya mto ni kosa, kwetu limo katika kichwa cha sheria. Rwanda baada ya 1994 iliacha majina ya makabila, ikatafuta maneno marefu yenye maana ya watu walioachwa nyuma na historia. Tunaheshimu nia ya hao wote. Kwa upande wetu tunaona shida moja ambayo watunga sheria wa Kinshasa pengine hawakuiona. Neno "autochtone", mwenyeji, hapa Masisi na Walikale lina damu. Tangu mauaji ya soko la Ntoto, Machi 1993, watu wameuana kwa kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Katika ugomvi huo kila kabila lilileta babu zake, na hakuna aliyemwita Mutwa kuuliza aliwaona hao babu wakifika lini.

Kuna wasomaji watakaotuuliza: kwa nini kupoteza karatasi juu ya majina, na vita vimepita Sake tena mwezi wa Januari 2025, na watu wamelala chini ya shitingi? Tunajibu kwamba katika vita ndipo majina yanapofanya kazi yao. Januari 2003 Umoja wa Mataifa ulitangaza habari zilizotoka Mambasa, Ituri, za askari walioshtakiwa kuwaua Bambuti na kula nyama yao, katika vita vilivyoitwa "Effacer le tableau". Swali la Alberto, kama huyu ni mtu au ni mnyama, lilirudi likiwa na kisu. Na hapa kwetu bila vita imani mbovu inaendelea, kwamba mwanamume anayelala na mwanamke Mutwa ataponywa maumivu ya mgongo. Tunaliandika waziwazi kwa sababu Wakristu wanaliungama, na wengine hawaliungami kwa kuwa hawadhani kwamba ni dhambi.

Basi ni nini cha kufanya katika mahubiri na katekesi? Kwanza, pale ambapo kabila halina kazi katika maelezo, lisitajwe. Zakeo alikuwa mfupi. Kila kijiji kina mtu mfupi, na mwalimu mwenyewe aweza kujitaja kama ni mfupi. Pili, inapolazimu kutaja, tuseme Mutwa au Mbuti kama wenyewe wanavyojiita mahali pale, kwa ngeli ya watu, na jina la kijiji chao likifuata, kama tunavyofanya kwa wote. Mbilikimo tuliache katika kamusi. Bantu tuwaachie wataalamu wa lugha. Juu ya daftari la wakatekumeni, lile lenye safu ya kabila, sisi wenyewe hatujapatana: wengine kati yetu wanataka safu ifutwe kwa wote, wengine wanasema ikifutwa hatutajua tena ni Batwa wangapi waliobatizwa na wangapi tuliowapoteza njiani. Hoja ya pili ina nguvu, kwa maana hesabu hiyo tungeiogopa.

Tunawaomba mapadri na walimu wa dini wa upande wa Walikale watuandikie majina yanayotumika kwao, na hasa namna yanavyosemwa sokoni na mlangoni mwa kanisa, pasipo kuyapamba. Tutayachapa. Mwalimu wetu wa vilima vya Sake amesoma makala hii kabla haijatoka, na ametukubalia kusimulia kisa chake. Alikwenda mwenyewe kwa yule mama, akakaa naye muda mrefu karibu na mifuko ya makala. Watoto wawili wamerudi katekesi. Mama bado.